Rum (Waraka kwa Warumi) 8:24-25 imerukwa kati ya Dominika (Jumapili) ya 15 na ya 16 Mwaka A. Kwa nini aya za matumaini ndizo zikatwe?

#1 Antifona
Tumsifu Yesu Kristo, wakuu.

Fungueni Kitabu cha Masomo ya Misa, Mwaka A (masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu: A, B na C). Dominika ya 15, somo la pili ni Rum 8:18-23. Dominika ya 16, somo la pili ni Rum 8:26-27. Aya ya 24 na ya 25 hazimo huku wala kule. Na hizo ndizo zinazosema tuliokolewa kwa taraja, na kwamba tukikitarajia kitu tusichokiona twakingojea kwa saburi. Papa Benedikto XVI alizifungulia ensiklika nzima (barua ya Papa kwa Kanisa), Spe Salvi ya 30 Novemba 2007, na maneno yake ya kwanza ni hayo hayo ya aya ya 24. Mwamini aliyekaa kwenye benchi Dominika hizo mbili hazisikii.

Mwaka huu zinaangukia 12 na 19 Julai 2026. Dai langu: waliopanga masomo wametuachia ahadi, wakaondoa kungoja. Nipingeni.

#2 Kengele ya Tatu
Milele amina. Nimekaa benchi la mbele.

#3 Mzee wa Sakristia
Usitafute mchawi, Antifona. Soma utangulizi wa Kitabu cha Masomo, toleo la pili la 1981, namba 75 hadi 77. Vigezo vimewekwa wazi: urefu wa somo, ugumu wa andiko, na ruhusa ya kuacha aya kadhaa ilimradi maana isiharibike. Waraka kwa Warumi una sura 16 na umepewa Dominika 16, kuanzia ya 9 hadi ya 24. Lazima kitu kidondoke.

#4 Bi Majilio
Mzee, urefu gani? Somo la Dominika ya 16 lina aya mbili tu! Ni miongoni mwa masomo mafupi kabisa ya Dominika. Ukiongeza 24 na 25 zinakuwa nne, na bado msomaji anamaliza kabla kikohozi cha mstari wa nyuma hakijaisha.

Tena sura ya 8 haikubaniwa nafasi. Imepewa Dominika tano mfululizo, ya 14 hadi ya 18. Hoja ya urefu haisimami hapa.

#5 Fukizo
Tazameni Misale (kitabu cha Misa) ya zamani, ile iliyotumika kabla ya mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Dominika ya nne baada ya Pentekoste, waraka ulikuwa Rum 8:18-23, na Injili ilikuwa Luka 5:1-11, Petro na mavuno ya samaki. Mpaka wa aya ya 23 haukuwekwa na tume ya 1969 iliyopanga masomo mapya. Waliukuta, wakauacha ulivyo, kisha wakaruka hadi kwenye sala ya Roho kwa ajili ya Dominika iliyofuata. Ni urithi, hakuna aliyekaa mezani na mkasi akilenga matumaini.

#6 Msoma Somo
Nakazia #5, ila haijibu swali lote. Inaeleza kwa nini 15 inaishia aya ya 23. Haielezi kwa nini 16 haianzii 24.

#7 Mwana wa Zaburi
Jibu liko kwenye Mkesha wa Pentekoste. Somo la waraka la Misa ya Mkesha ni Rum 8:22-27, yote, na 24 na 25 zikiwamo. Na siku za kawaida, ambazo zina mzunguko wao wa miaka miwili, I na II, Jumanne ya juma la 30 Mwaka I ni Rum 8:18-25. Kwa hiyo aya hazikufutwa, zimewekwa mahali pengine.

Kuna mfano mwingine humo humo sura ya 8. Dominika ya 17 inasoma 28-30, ya 18 inasoma 35 na 37-39. Ziko wapi 31 hadi 34? Ziko Dominika ya 2 ya Kwaresima Mwaka B, pamoja na Ibrahimu na Isaka. Hivyo ndivyo kitabu kinavyogawa.

#8 Bi Majilio
Mwana wa Zaburi, hoja nzuri lakini ina tundu. Mkesha unasoma 22-27. Aya za 22 na 23 zinarudi Dominika ya 15. Aya za 26 na 27 zinarudi Dominika ya 16. Zisizorudi ni mbili tu, za katikati! Kama kanuni ingekuwa "imeshasomwa kwingine", basi hata 26-27 zisingerudiwa. Na Dominika ya 14 inasoma 8:9, 11-13, wakati 8-11 imeshasomwa Dominika ya 5 ya Kwaresima mwaka huo huo. Hawakuogopa kurudia.

#9 Kengele ya Tatu
😂 Mzee wa Sakristia, vipi hapo?

#10 Mzee wa Sakristia
Nipo, nanywa maji. Antifona kasema mwamini hasikii matumaini Dominika hizo. Si kweli. Aya ya 20, ambayo iko ndani ya somo la Dominika ya 15, inasema viumbe vilitiishwa chini ya ubatili "katika tumaini". Aya ya 19 viumbe vinatazamia kwa shauku. Aya ya 23 nasi tunaugua tukitazamia ukombozi wa mwili wetu. Kungoja kumejaa humo. Kilichokosekana ni maelezo ya Paulo kuhusu matumaini ni nini.

#11 Antifona
Napokea aya ya 20. Lakini angalieni mshono wenyewe. Aya ya 26 inaanza: "Kadhalika Roho naye hutusaidia udhaifu wetu." Kadhalika na nini? Paulo ametoka kutaja wanaougua wawili: viumbe (22) na sisi (23). Wa tatu ni Roho, anayetuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa (26). Katikati yao kuna 24-25, zinazosema udhaifu wenyewe ni upi: tunangoja tusichokiona, ndiyo maana hata tukiomba hatujui tuombe nini, kama 26 inavyoendelea kusema. Ondoa hizo mbili, na udhaifu wa aya ya 26 unageuka kuwa udhaifu wowote, uchovu, vishawishi, chochote. Ndivyo tafakari nyingi za Dominika ya 16 zinavyoueleza.

#12 Katekista Mstaafu
Hapo Antifona umegusa penyewe. Kwa faida ya wanaoandika tafakari, njia fupi ya kukagua kingo za somo:

Chukua Biblia kamili, si Misale ya Waumini. Soma aya tano kabla na aya tano baada. Andika pembeni namba za aya zilizorukwa katikati, maana kwenye karatasi ya masomo mkato unaonekana kama koma tu kati ya namba. Kisha jiulize: somo linaanza na kiungo kama "basi", "kwa hiyo", "kadhalika"? Kama ndiyo, kuna sentensi iliyoachwa nje inayolishikilia. Itafute kabla hujaandika neno.

Makosa mengi ya tafakari hayatokani na kukosa elimu. Yanatokana na kusoma karatasi badala ya sura.

#13 Fukizo
Mfano wa mkato ulio na sababu nzuri: Dominika ya 3 ya Kwaresima Mwaka A, Rum 5:1-2, 5-8. Zilizorukwa ni 3 na 4, ile ngazi ya dhiki, saburi, uthabiti wa moyo, tumaini. Inauma, kwa sababu aya ya 5, "tumaini halitahayarishi", inabaki bila ngazi iliyoipandisha. Lakini tazama jirani zake: somo la kwanza ni Kut 17:3-7, maji mwambani, Injili ni Yohane 4, Msamaria kisimani. Aya ya 5 inasema pendo la Mungu limemiminwa mioyoni mwetu. Wamefupisha njia ili mmiminiko usikike karibu na maji, maana Dominika hiyo wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) wanafanyiwa takaso la kwanza, ibada ya kuwaombea kabla ya ubatizo.

Ngazi kamili iko Sherehe ya Utatu Mtakatifu Mwaka C, Rum 5:1-5.

#14 Msoma Somo
Na aya ya 5 hiyo ndiyo Papa Fransisko aliitumia kwa hati ya kutangaza Jubilei ya 2025, Spes non confundit, 9 Mei 2024. Mlango Mtakatifu ukafungwa na Papa Leo XIV tarehe 6 Januari 2026. Sehemu kubwa ya Jubilei hiyo ya "Mahujaji wa Matumaini" ilikuwa Mwaka C, kwa hiyo ngazi ilisomwa yote siku ya Utatu.

#15 Kijana wa Kwaya
Samahani wakuu, mwaka huu si Mwaka C? Nimeona kalenda ya mtu imeandika C.

#16 Katekista Mstaafu
Kijana, hiyo kalenda ni ya mwaka jana, mwambie ainunue upya. Gawa mwaka kwa 3. Ikibaki sifuri ni C, ikibaki 1 ni A, ikibaki 2 ni B. 2025 ni C, 2026 ni A, 2027 ni B. Angalizo: mwaka wa Kanisa huanza Dominika ya kwanza ya Majilio, kwa hiyo Desemba 2026 utakuwa tayari uko Mwaka B. Siku za kawaida ni tofauti: witiri ni I, shufwa ni II. Ndiyo maana ile Jumanne ya juma la 30 aliyoitaja Mwana wa Zaburi haitasomwa 2026. Subiri 2027.

Na kwa taarifa, 2026 Warumi haianzii Dominika ya 9. Kwaresima na sherehe za baada ya Pentekoste zimemeza ya 9 na ya 10, tunaanza Dominika ya 11 tarehe 14 Juni kwa Rum 5:6-11. Anayetaka kufundisha waraka kwa mfuatano aifidie mwenyewe sura ya 3 na ya 4, hasa imani ya Ibrahimu aliyetarajia yasiyoweza kutarajiwa (4:18). Hiyo ilikuwa ya Dominika ya 10.

#17 Mwana wa Zaburi
Narudi kwa Bi Majilio. Nakubali tundu, lakini nina sababu nyingine: ugumu. Namba 76 ya utangulizi inataka Dominika ziepushwe na maandiko magumu kweli kweli kueleza. Aya ya 24 ni hoja ya kifalsafa: kitu kikionekana hakuna taraja tena, nani anatarajia akionacho? Isomwe mara moja kwa sauti, watu wangapi wameikamata? Halafu "tuliokolewa" ni jambo lililokwisha. Mwenye kusikia haraka anadhani wokovu umefungwa, hakuna cha kufanya tena.

#18 Fukizo
Hiyo ya pili siikubali. Dominika ya 4 ya Kwaresima Mwaka B tunasoma Ef 2:4-10, "mmeokolewa kwa neema", tena imo mara mbili, na hakuna aliyeogopa. Ya kwanza ina uzito. Ila Warumi nzima ni hoja ngumu. Ukianza kuondoa magumu utabaki na salamu za sura ya 16.

#19 Kengele ya Tatu
Salamu za sura ya 16 nazo ni ngumu, majina yale msomaji anahitaji maji ya kunywa.

#20 Seminari Ndogo
Niongeze upande wa mafundisho, kwa sababu hasara ya mkato inaonekana huko. Mtakatifu Thomas wa Akwino anaweka masharti manne ya kitu kinachotumainiwa: kiwe chema, kiwe cha baadaye, kiwe kigumu kukipata, na kiwe kinawezekana. Ondoa kimoja, si tumaini tena. Kisipokuwa kigumu ni hamu tu. Kisipowezekana ni kukata tamaa. Kikiwa tayari mkononi ni furaha. Kwa fadhila ya Kimungu, kinawezekana kwa msaada wa Mungu, wala si kwa hesabu zetu.

Sasa pima Rum 8 kwa masharti hayo. Utukufu utakaofunuliwa (18): chema. Kutazamia (19, 23): baadaye. Roho hutusaidia (26): inawezekana, na kwa msaada wa nani. Ugumu uko wapi? Aya ya 25, kungoja kwa saburi kisichoonekana. Hapo ndipo palipokatwa.

Katekisimu namba 2091 na 2092 zinataja dhambi mbili dhidi ya matumaini. Moja ni kukata tamaa. Ya pili ni kujitumainia kupita kiasi, ambayo ina sura mbili: kudhani nitajiokoa kwa nguvu zangu bila msaada wa juu, au kudhani Mungu atanisamehe bila mimi kuongoka. Mahubiri mengi yanapigana na ile ya kwanza tu. Tumaini lililotolewa ugumu wake linateleza kirahisi kwenda kwenye ile ya pili: "Mungu atafanya tu."

#21 Mzee wa Sakristia
Seminari, umepanga vizuri, lakini unamwekea mkato mzigo usio wake. "Mateso ya wakati huu wa sasa" yako aya ya 18, mwanzo kabisa wa somo. Ugumu haujatoka.

#22 Seminari Ndogo
Mateso ndiyo, Mzee. Lakini mateso ni jambo linaloonekana. Paulo anaongeza ugumu wa pili: kutokuona. Mtu anaweza kuvumilia maumivu huku tarehe ya kupona anaijua. Aya ya 25 inamhusu asiye na tarehe.

#23 Bi Majilio
Na si Warumi pekee. Dominika ya 5 ya Kwaresima Mwaka A, Ezekieli 37:12-14, "nitafunua makaburi yenu". Hilo ni jibu. Linajibu nini? Aya ya 11, ambapo Israeli wanalalamika kwamba mifupa yao imekauka na matumaini yao yamepotea. Aya ya 11 haisomwi. Mungu anaanza kujibu mtu ambaye hatujamsikia akilia.

Kwa hiyo naongezea dai la Antifona: mkato una tabia. Unaondoa kilio, unabakiza faraja.

#24 Fukizo
Tabia kwa mifano miwili? Nami nina miwili. Dominika ya 5 ya Mwaka B, Ayubu 7:1-4, 6-7. Siku zake zinakwisha pasipo tumaini, na somo linaishia na jicho lake kutoona mema tena. Hakuna faraja hata nusu sentensi, hadi wimbo wa katikati, Zaburi 147, Bwana huwaponya waliovunjika moyo. Na Emau, Luka 24:13-35, Dominika ya 3 ya Pasaka Mwaka A: "nasi tulikuwa tukitumaini" imo, aya ya 21, na safari nzima haijakatwa. Ezekieli wa Kwaresima amefupishwa ili asimame sambamba na Lazaro wa Yohane 11, ambaye naye analia vya kutosha.

#25 Bi Majilio
Lazaro halii, wanalia wengine 😀. Ila nimekusikia.

#26 Mwana wa Zaburi
Mkesha wa Pentekoste tena, kwa sababu mmeupuuza. Somo la kwanza pale lina chaguo nne: Mwa 11:1-9, Kut 19, Eze 37:1-14, Yoeli. Chagua Ezekieli, kisha Rum 8:22-27. Jioni moja unapata kilio cha aya ya 11 kikiwa kizima, na aya za 24-25 zikiwa nzima. Hakuna jioni nyingine kwenye kalenda inayowapa vyote viwili.

#27 Msoma Somo
Kama utasomwa! Kosa la kawaida mno: Misa ya Jumamosi jioni inasomewa masomo ya Misa ya mchana wa Pentekoste, Mdo 2 na kuendelea, kwa sababu msomaji amefungua ukurasa wenye alama ya utepe. Mkesha una masomo yake na Injili yake, Yoh 7:37-39. Utepe uhamishwe mapema, na anayepanga wasomaji aandike "MKESHA" kwa herufi kubwa kwenye orodha, pamoja na namba za aya. Kuandika "Pentekoste" peke yake ndiko kunakoleta mkanganyiko.

Na kwa somo la Dominika ya 16, hizo aya mbili: fika kwenye ambo (meza ya kusomea Neno), ngoja viti vitulie baada ya wimbo wa katikati, ndipo utangaze "Somo katika Waraka wa Mtume Paulo kwa Warumi". Usiseme "somo la pili", wala sura na aya. Maandishi mekundu hayasomwi. Vuta pumzi. Soma taratibu kuliko kawaida, maana likipita kwa kasi ya masomo mengine linakwisha kabla masikio hayajafunguka. Nyamaza kidogo, kisha "Neno la Bwana". Wengi wanaunganisha aya ya mwisho na "Neno la Bwana" kama sentensi moja.

#28 Kijana wa Kwaya
Msomaji anaweza kujiongezea 24 na 25 mwenyewe?

#29 Msoma Somo
Hapana. Mpangilio wa masomo si mali ya msomaji. Anayehubiri ndiye anaweza kuzinukuu ndani ya homilia (mahubiri ya Misa), na hapo ndipo mahali pake.

#30 Katekista Mstaafu
Au kikundi kisome Rum 8:18-27 yote katikati ya juma, kati ya tarehe 12 na 19 Julai. Mara ya kwanza msomaji mmoja, kimya. Mara ya pili kila mtu atafute nani anaugua na anaugua kwa nini. Mara ya tatu isomwe bila 24-25, watu waseme wamepungukiwa nini. Hilo la tatu linafundisha kuliko maelezo ya nusu saa. Malizieni kwa sala, si kwa mjadala.

#31 Kengele ya Tatu
Nusu saa? Papa Fransisko Juni 2024 alisema homilia isizidi dakika nane. Antifona, umebakiwa na ngapi?

#32 Antifona
Zote nane naziweka kwenye aya ya 25. Shukrani wakuu. Urithi wa Misale ya zamani (#5) naona una nguvu kwa mpaka wa 23, ugumu (#17) una nguvu kidogo kwa 24. Kwa 25 bado sijaona sababu, na hoja ya Mkesha Bi Majilio kaitoboa.

#33 Mwana wa Zaburi
Kaitoboa, hajaizamisha.

#34 Fukizo
Kwa wale wa "mkato una tabia", nawapa kazi. Dominika ya 2 ya Majilio Mwaka A, Rum 15:4-9, inaanza vizuri: kwa saburi na faraja ya Maandiko tupate kuwa na tumaini. Inaishia aya ya 9. "Mungu wa tumaini" yuko aya ya 13, aya nne tu mbele, na katikati hakuna kilio chochote cha kuondoa, ni nukuu za Agano la Kale na mataifa yanamsifu Bwana. Hapo ilikatwa faraja yenyewe. Mna hadi Desemba 2028 kunijibu.